Mstari wa Thelathini na Moja

Nilikuja na saa ya mkononi, fomu mia mbili
na swali moja lililolipiwa na chuo:
mfuko wa simiti, kutoka kiwandani Mombasa
hadi mlangoni kwa fundi Mkomani,
unapoteza wapi muda wake?

Barabara nilikwisha kuisoma. Malindi, Garsen,
Gamba, ambako lori hulala likingoja msafara wa askari,
kisha Witu, Hindi, gati la Mokowe.
Saa ishirini na sita, ukitoa usingizi wa dereva.
Boti, dakika arubaini pamoja na kubishana bei.
Yote haya yaliingia kwenye jedwali bila ya kusukumwa.

Kilichobaki ni mita mia sita.
Mita mia sita na punda.

Mwenye punda ni Lali Famau, mwembamba,
shati la mpira lililopauka hadi namba haisomeki.
Huhesabu safari kwa njiti za kiberiti:
moja ikihama mfuko wa kulia kwenda wa kushoto
ni safari moja, na sikumwona akikosea.
Mimi nilikuwa na programu ya simu. Ilikosea mara mbili.

Siku kumi na tisa nilimfuata nyuma ya mkia.
Nikajua kuwa uchochoro wa upana wa hatua mbili
una sheria zake: punda mwenye mzigo hampishi mtupu,
anayeshuka humpisha anayepanda,
na mwanamke mwenye sinia la chakula hupishwa na wote.
Mimi niliandika "kipaumbele cha njia".
Lali aliita haya.

Nikamuuliza, kwa wastani, wangoja dakika ngapi?
"Dakika siuzi," alisema. "Nauza mfuko kufika."

Mzigo wa thelathini na moja: mifuko minne,
saa tatu na dakika kumi asubuhi.
Tulikuwa kwenye kona ya duka la Bi Somoe
kijana akaja mbio, kanzu kaikunja mkononi,
akamtajia Lali jina. Jina tu.
Lali akaitua simiti kwenye baraza ya watu
bila ya kubisha hodi, akamgeuza punda.
"Ngoya," aliniambia, "au fuata. Ila karatasi hizo zitie mkobani."

Punda alibeba mbao za kiunza, majembe mawili,
madumu ya maji. Hakuna aliyelipa,
hakuna aliyeuliza bei.
Mimi niliishia pembeni mwa msikiti,
mbele ya hapo wanawake hatuendi.
Saa yangu iliendelea kuhesabu.

Mchana ikanyesha mvua ya dakika nane.
Mifuko miwili ikaganda. Miwili iliyopona
ilifika kesho yake, saa moja na nusu.
Fundi Kupi alifoka, kisha akauliza ni nani aliyekufa,
kisha akachukua kolego, akaanza kazi.

Profesa wangu aliisoma rasimu usiku mmoja.
Kwenye mstari wa thelathini na moja, duara jekundu:
Saa ishirini na mbili kwa mita mia sita?
Kosa la kipimo. Ondoa.
Alikuwa na haki yake. Nukta ile moja
iliuvuta mchoro mzima upande
kama mtoto anayening'inia kwenye kamba ya nguo.

Niliiondoa. Namba zikanyooka.
Nikavishwa joho, nikapigwa picha.
Ukurasa wa themanini na nane unataja
wembamba wa njia na uhaba wa wanyama wa mizigo,
na mtu wa wizara amekwisha kuunukuu.

Mwezi uliopita nilipita tena kwenye kona ile.
Mifuko miwili bado ipo barazani. Karatasi imebanduka,
simiti imebaki na mikunjo, kama shavu lililolaliwa.
Watoto wawili wameikalia, wanakula achari.
Nikatoa simu, nikapima hadi mlangoni kwa fundi:
mita mia na tisini, kama nilivyoandika.
Bado haijafika.